Uzi wa Wavu kwenye Kidole cha Sifa

Iko siku moja ya ujana wangu ambayo imekataa kunitoka kichwani, mwanangu, na kila inaponirudia inakuja na hasira yake yote. Wengine wakizeeka hasira zao hupoa. Yangu hii haijapoa, wala sijaomba ipoe. Kwa hiyo nitakusimulia nikiwa nimekasirika, nawe univumilie, maana ninachokasirikia ni kidole cha mtoto, na mtoto mwenyewe alikuwa wangu.

Wakati huo nilikuwa mke kijana hapa hapa Uvira, chini karibu na ziwa, katika ua wa familia ya mume wangu. Mume wangu Daniel alikuwa mvuvi wa ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwa letu. Kaka yake mkubwa, Josefu, ndiye aliyekuwa na mitumbwi na nyavu, na kwa kuwa baba yao alishafariki, neno la Josefu ndilo lililosikilizwa uani. Mama yao alikuwa hai na tuliishi naye. Watoto walimwita Koko, kama tunavyowaita bibi zetu huku, na sisi wakubwa tukamwita hivyo hivyo. Mimi nilikuwa na binti yangu wa kwanza, Sifa, ambaye alikuwa bado hajafikisha miaka minne, na mgongoni nilikuwa na mtoto mchanga.

Sifa alikuwa akinyonya kidole gumba. Alianza tangu akiwa mdogo kabisa, kama watoto wengi, na hakuna aliyejali. Kisha mdogo wake akazaliwa, na Sifa akaanza kunyonya zaidi. Akiketi, kidole kinywani. Akisinzia, kidole kinywani. Ukimwita kwa sauti kali, kinaingia kabla hujamaliza jina lake. Mimi niliona, nikajua atakiacha siku yake ikifika. Nilikuwa na nguo za mtoto za kufua na mihogo ya kumenya, sikuona sababu ya kugombana na kidole.

Lakini Josefu aliona sababu. Na sababu yake, mwanangu, nikikuambia utafikiri nimeitunga.

Unajua ndagala zinavyovuliwa. Watu wanaingia ziwani jioni na taa, samaki wanaifuata taa, wanavutwa wavuni. Sasa mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote lina mwanga, na ndagala hawana haja ya kuifuata taa yako. Hata mtoto wa shule ya msingi anayeishi kando ya maji anajua hivyo. Siku za mwezi mpevu mitumbwi hukaa mchangani, wanaume hukaa chini ya kibanda wanashona nyavu zilizotoboka, na wanawake tunajua kwamba wiki hiyo ni ya sombe, majani ya mihogo, na ugali bila samaki. Imekuwa hivyo tangu kuna taa.

Mwezi ule Josefu alikuwa ametoka ziwani mara kadhaa na wavu mtupu kabla mwezi haujawa mpevu vizuri, na akaingiwa na moyo mbaya. Mtu aliyeingiwa na moyo mbaya hutafuta wa kumlaumu. Angeweza kulaumu upepo, angeweza kulaumu nyavu zake zilizokuwa na matundu ya kupita mbuzi. Akamlaumu Sifa. Siku moja akiwa chini ya kibanda alimtazama mtoto amekaa na kidole chake, akamwambia mume wangu mbele yangu:

"Huyu mutoto iko ananyonya bahati ya hii nyumba. Tangu alianza kuzidisha, ndagala haionekani."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa wavuvi wasio na kazi. Mume wangu naye alicheka, ila cheko lake lilikuwa la mdogo mbele ya kaka yake, lile ambalo halina maana ya ndiyo wala hapana. Nikamwambia shemeji kwa heshima kwamba mtoto ana wivu wa mdogo wake tu, itapita. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mlango uliojifunga wenyewe, akarudi kwenye wavu wake.

Kesho yake asubuhi mimi na Koko tulipanda mlimani kung'oa mihogo. Mtoto mchanga alikuwa mgongoni mwangu. Sifa asingeweza kutembea njia ile yote, kwa hiyo nikamwacha uani na baba yake na baba zake wadogo, kama nilivyomwacha siku nyingi. Mtoto kuachwa na baba yake, hilo si jambo la kumwogopesha mama.

Tulirudi mchana umeshageuka. Bado tuko barabarani, nikamsikia Sifa analia. Mama anajua vilio vya mtoto wake. Kuna cha njaa, kuna cha kunyang'anywa kitu, kuna cha usingizi. Hiki sikuwahi kukisikia. Kilikuwa kimechoka, kinapanda na kushuka, kama cha mtoto aliyelia mpaka akasahau kwamba kuna mtu anaweza kuja. Jirani yetu mmoja alikuwa amesimama mlangoni pake anatabasamu. Aliniambia, "Banamufundisha kuacha kidole, mama Sifa. Analia juu ya mazoea." Kwake kilio kile kilitokana na mazoea tu. Nikatupa mihogo pale pale, nikakimbia.

Nilimkuta amekaa peke yake kando ya rundo la nyavu, mkono wake wa kulia umeviringishwa kitambaa kilicholowa mate na kutafunwa. Josefu alikuwa hapo karibu akishona na kuimba, tena kwa sauti kubwa, ili asisikie. Mume wangu alikuwa amekwenda kuchota maji, au ndivyo alivyosema baadaye. Nikakifungua kile kitambaa. Chini yake kidole gumba cha mwanangu kilikuwa kimezungushiwa uzi wa nailoni wa kushonea nyavu, mizunguko mingi, na kufungwa fundo la wavu.

Wewe hujawahi kushona wavu, kwa hiyo ngoja nikueleze fundo hilo. Limetengenezwa lisilegee. Ukilivuta, linakaza. Ukililowesha na kulivuta, linakaza zaidi, na ndiyo sababu samaki hawezi kulifungua hata apigane vipi. Sasa mpe mtoto wa miaka mitatu fundo hilo kidoleni. Atafanya nini? Atalitia kinywani, maana ndiko kidole chake kinakokaa. Litalowa. Atalivuta kwa meno. Litakaza. Atalia, atavuta tena, litakaza tena. Mtu aliyefunga fundo hilo alikuwa amelifunga tangu akiwa kijana, analijua kuliko anavyojua jina la mke wake, na hakufikiria hata kidogo litafanya nini kwenye mkono wa mtoto. Hapo ndipo ninaposhindwa kusamehe, mwanangu. Kutojua nasamehe. Kujua na kutofikiri, hapana.

Kidole kilikuwa kimevimba mpaka ngozi inang'aa. Rangi yake ilikuwa ya biringanya. Uzi haukuonekana tena sehemu kadhaa, ulikuwa umezama.

Josefu alisema kutoka pale alipokaa, "Usikate. Acha mpaka jioni, atazoea."

Nilimtukana. Sitakuambia nilisema nini, maana mwanamke aliyeolewa hamtukani kaka wa mume wake, na mimi nilimtukana kwa jina la kila kitu nilichokijua. Koko alikuwa amefika nyuma yangu anahema. Hakuniambia ninyamaze. Alikaa chini mchangani, akampakata Sifa, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili ukawa kama umewekwa kwenye jiwe, akaniambia, "Kata, binti yangu. Minye namushika."

Nikachukua wembe. Naona haya kusema hivi lakini ni kweli, nilimwogopa mwanangu mwenyewe, niliogopa kumkata. Nilitafuta mahali karibu na ukucha ambapo uzi ulikuwa bado juu ya ngozi. Nikakata mzunguko mmoja, haukuachia. Nikakata mwingine. Sifa alipiga kelele mara moja, kisha akaniangalia usoni, na macho yale ndiyo yaliyoniogopesha zaidi. Mzunguko wa mwisho ulipoachia, uzi ulitoka na ngozi kidogo.

Tukakimbia kwenye kituo cha afya. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye haraka, alikiosha kidole, akakibonyeza ukucha akangoja, akabonyeza tena akangoja. Mimi nilikuwa naangalia uso wake, siyo kidole. Mwishowe rangi ikaanza kurudi pole pole, akapumua. "Kitapona," alisema. "Lakini mungengoya mpaka usiku, hiki kidole tungekikata."

Kisha akauliza uzi uliwekwa kwa nini. Nilipomweleza, aliweka chini pamba aliyokuwa nayo. "Juu ya kunyonya tu? Mama, batoto bengi banaachaka benyewe mbele ya kuanza masomo. Akifika kwenye meno ya pili na bado ananyonya sana, njo munamuleta, tunaangalia meno na kinywa. Mbele ya hapo, muache mutoto."

Hayo yote mtu angeyapata bure kwa kuuliza. Hakuna aliyeuliza.

Tuliporudi nyumbani, Koko hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha nyavu, akamwita Josefu kama anavyoitwa mtoto, kwa jina tupu, mbele ya ndugu zake na majirani waliokuwa wamekuja kuona.

"Weye Josefu, ikala chini." Akakaa. "Mwezi iko namna gani hizi siku?"

"Iko mukubwa, mama."

"Na mwezi ikiwa mukubwa, ndagala inakuyaka ku taa?"

"Hapana."

"Basi ndagala imekosa juu ya mwezi, ao juu ya kidole ya mutoto?"

Josefu akaangalia mchanga. Koko hakumwacha. Mwanamke yule sijawahi kumsikia akipaza sauti, na hata siku ile hakuipaza, lakini watu waliosimama nje ya ua walimsikia vizuri.

"Upepo ikikukuta katikati ya ziwa, unashikaka nini?"

"Ninashikaka mutumbwi."

"Kuko muntu anakufungaka mikono, anakwambia uache kushika mutumbwi?"

"Hapana, mama."

"Njo vile. Huyu naye upepo yake iko hapa mu nyumba. Mama yake amepata mutoto mwingine. Mugongo ya mama imepewa mwingine, kitanda imepewa mwingine. Akatafuta kitu ya kushika, akapata kidole yake mwenyewe. Hakuiba kitu ya muntu. Na weye muntu muzima, unakuya kumunyang'anya hata ile."

Kisha akamgeukia mume wangu, ambaye tulimkuta amesharudi, amesimama na ndoo yake ya maji. "Na weye baba yake, ulikuwa wapi?" Daniel akaiweka ndoo chini, maji yakamwagika. Nilimpenda mume wangu na nampenda hata leo, lakini siku ile nilifurahi kumwona ameaibika, na sijutii kufurahi kwangu.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukisikie vizuri, kwa sababu kukasirika bila kujua la kufanya hakumsaidii mtoto. Koko aliniambia nisimwambie Sifa lolote kuhusu kidole kwa muda. Nimtazame tu, niangalie kinaingia saa ngapi. Nikatazama. Mwanangu, ilikuwa wazi kama mchana, na mimi niliyelala naye chumba kimoja nilikuwa sijaiona. Kidole kiliingia kila nilipomchukua mdogo wake kumnyonyesha. Mdogo anashika titi, Sifa anashika kidole, dakika hiyo hiyo. Tena kiliingia akiwa na usingizi, na wakubwa wakigombana. Saa nyingine zote mikono yake ilikuwa na shughuli zake.

Basi nikaanza kumwita akae ubavuni pangu ninaponyonyesha, mkono wangu mmoja uwe wake. Nilimpa kazi ya kumshikia mdogo wake mguu asipige teke, na aliichukua kazi hiyo kwa uzito kama askari. Koko alimpa vipande vya ndala kuukuu, vile wavuvi wanavyokata na kufunga kwenye nyavu zielee, avipange vikubwa na vidogo. Jioni Koko alimlaza ubavuni pake na kumsimulia habari za ng'ombe, maana Koko alizaliwa juu milimani upande wa Lemera na habari za ng'ombe hazikumwishia. Akinyonya akiwa usingizini, tulimwacha. Akipitisha asubuhi nzima bila kunyonya, nilimwambia kwamba nimeona na nimefurahi. Akirudia, sikusema kitu. Pole pole kikatoka mchana, kikabaki cha usiku, na hata cha usiku kikaisha kabla hajavaa sare ya shule. Sikumbuki siku kilipoisha. Jambo kama hilo likiisha vizuri hakuna anayeona siku yake.

Unadhani dunia imejifunza? Wiki iliyopita nilikuwa mtaani Kimanga, nimekaa kwenye duka dogo la unga la jirani yangu, na msichana mmoja anayeuza mkaa mbele ya duka hilo, Rehema, alikuwa na mwanawe wa miaka miwili na nusu. Mtoto alitia kidole kinywani. Rehema akafungua kichupa cha pilipili iliyosagwa, akamshika mkono, akampaka kidole chote. Mtoto alipokirudisha kinywani akaanza kupiga kelele, kisha akajifuta machozi kwa mkono ule ule, na pilipili ikaingia jichoni. Wenye maduka wakacheka. Kijana mmoja akatoa simu achukue video.

Nilisimama, na mgongo wangu huu, nikamwambia kijana arudishe simu mfukoni kabla sijaitupa kwenye mtaro. Watu hao hao waliocheka, muda wote nilipokuwa nimekaa pale, hakuna hata mmoja aliyeiachilia simu mkononi mwake. Mwenye duka alikuwa akitafuna njiti tangu asubuhi. Mwingine sigara haijamtoka mdomoni. Hakuna aliyewapaka pilipili. Ni mtoto tu, aliye mdogo kuliko wote, asiyeweza kusema nimechoka au naogopa, ndiye tunayemwonyesha nguvu zetu.

Tuliosha jicho la mtoto kwa maji safi, mengi, mpaka akaweza kulifungua. Mkono tuliupaka mafuta ya kupikia kwanza, kisha sabuni, maana pilipili haitoki kwa maji peke yake. Rehema alikuwa akifanya yote niliyomwambia huku amenuna. Hatimaye akaniambia, naye akiniita Koko kwa uzee wangu:

"Koko, muko mukali bure. Hata minye mama alinipakaka pilipili. Na nilikomaa."

Nikamwuliza, "Unakumbuka?"

Alikuwa ameushika mkono wa mwanawe wenye mafuta. Akaendelea kuusugua, wateja wawili wakapita bila kuhudumiwa. "Ninakumbuka," akasema. "Nilikuwa nimelala. Niliamuka na moto mu kinywa. Nilimwita mama anisaidie, na yeye njo alikuwa amenipakaka." Akaanza kulia, msichana yule mkali wa mkaa, mbele ya watu wote waliokuwa wakicheka.

Mtoto alimwona mama yake analia. Akatia kidole kinywani, kile cha mkono mwingine. Rehema alimtazama, akamvuta akampakata, akakiacha kidole mahali kilipokuwa.

Basi sikiliza, mwanangu, nikuambie waziwazi, nikiwa bado na hasira yangu. Kidole cha mtoto mdogo si ugonjwa wala si uchawi wala si utovu wa adabu, ni kitu alichopata cha kujituliza, na wengi wanakiacha wenyewe. Usikifunge, usikipake pilipili wala nyongo ya samaki, usimchape, usimwaibishe mbele ya wenzake. Tazama kinaingia saa ngapi, na hapo utajua anatafuta nini. Kama ni usingizi, mlaze. Kama ni njaa, mlishe. Kama ni wewe, mpe nafasi ubavuni pako. Ipe mikono yake kazi, msifu akisahau kunyonya, na akirudia ugeuze macho. Akikaribia umri wa meno ya pili na bado ananyonya kwa nguvu, mpeleke kwa munganga wa hospitali, umwombe shauri, na umwambie mtoto kwa upole kwa nini mmekwenda. Na mtu mkubwa yeyote, awe kaka wa mume, awe mama mkwe, awe mimi, akija na kamba au kichupa, simama mlangoni. Ukilazimika kumtukana, mtukane, tutaomba radhi baadaye.

Mungu awalinde watoto wako na mikono ya watu wazima, na yako ikiwemo. Akupe macho ya kuwaona mapema. Na usiku mtoto akiamka anaungua au anaogopa, akikuita mama, Mungu akujalie usiwe wewe uliyemwunguza.